Jakuzi la Mtu Mmoja

4 Februari

Mdogo wangu Bisibisi,

Hatujambo huku. Najua ukisoma "hatujambo" unaanza kutafuta kilichojificha nyuma yake, basi tafuta, hutaona kitu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hatumalizi dakika tatu kabla mmoja hajamkatia mwenzake, na jambo hili nataka tulifikishe mwisho bila kununiana.

Nataka kununua jakuzi. Usicheke. Nataka dogo, la nyumbani, la kuweka pale nyuma tunapoanika nguo. Daktari amesema maji ya moto kila siku yatalegeza misuli ya mgongo. Ya nyonga, namaanisha. Tangu Baba avunjike nyonga, kumtoa kitandani asubuhi ni kazi, na kumrudisha jioni ni kazi nyingine.

Mwenyewe hataki kusikia. Mwalimu wa kuogelea mzima, aliyemaliza ujana wake kando ya bwawa akipuliza filimbi, anasema mtu anayekaa kwenye maji bila kwenda popote ni maharage yaliyolowekwa. Nikamwambia basi atalowekwa. Akageukia ukuta.

Madukani nimeshaenda. Muuzaji wa kwanza alinionyesha la kujaza upepo, jepesi, unalikunja unalitia kabatini. Nikamuuliza kama amewahi kuingia nyumba ya fundi cherehani. Kwangu hata kwenye chumvi utakuta pini. Wa pili alikuwa na dude kubwa kama kitanda cha maharusi, lina taa za rangi saba. Kila nililomuuliza alinijibu taa. Pampu ikiharibika nitampata nani? Taa zinabadilika zenyewe, mama. Maji yakipoa? Hata ukizima, taa zinabaki. Nimetoka pale kichwa kinanigonga.

Wewe ndiye unayetunza majakuzi ya hiyo hoteli yenu ya milimani, unajua lipi linavumilia na lipi ni la kuringia wageni. Nichagulie. Na usichukue mwezi mzima kufikiri, maana jambo hili limenikaa kooni.

Dada yako


12 Februari

Dada mkubwa,

Nimecheka ulivyonikataza kucheka. Kisha nimeingiwa na hofu kwamba yule wa taa atakushinda nguvu, kwa hiyo najibu haraka, nimekaa juu ya boksi la vichujio na mikono ina grisi.

La upepo lisahau. Hata bila pini zako, kuta zake ni laini, na mtu mwenye nyonga mbovu akitaka kutoka anahitaji ukingo mgumu wa kushika. La mapipa ya mbao lisahau pia. Ni zuri kwenye picha, likikauka wiki moja linavuja kila upande. Lile la taa lina mashine nyingi, na kila mashine ni siku ya kuharibika. Hapa hotelini tunalo la namna hiyo, nalijua kuliko ninavyowajua jirani zangu.

Wewe tafuta la plastiki ngumu, lililomiminwa kipande kimoja, lenye pampu moja na hita moja. Muuzaji akwambie vipuri viko wapi leo, si vitakuja lini. Mwambie aliwashe mbele yako, uweke kiganja juu ya pampu. Ikitetemeka kama cherehani yako ile ya zamani, ondoka. Liwe na swichi inayokata umeme yenyewe maji yakigusa waya, hapo usikubali maneno matamu. Na kifuniko ukitazame kuliko jakuzi lenyewe, kiwe kizito na kizibe vizuri, kwa sababu joto lote hukimbilia juu. Maji yakishafika nyuzi thelathini na nane inatosha, hatumpiki mzee.

Halafu daktari ameuliza presha ya Baba? Niambie.

Sasa nataka vipimo. Mlango wa nyuma, upana. Sakafu ya pale kwenye kamba za nguo, kama ni zege au ni udongo tu. Na umkalishe atakayelitumia juu ya ndoo iliyogeuzwa, mgongo ukutani, unipimie kutoka ndoo hadi begani, na kutoka mgongoni hadi kwenye nyayo akinyoosha miguu. Jakuzi lisilomfika mtu mabegani ni karai tu.

Mwambie Baba nimesema atalowekwa, atake asitake.

Bisibisi


20 Februari

Mdogo wangu,

Mlango wa nyuma ni sentimita sabini na nane. Sakafu ni zege, Baba mwenyewe aliimwaga, kwa hiyo hata tembo akae. Kutoka ndoo hadi begani ni hamsini na nne. Kutoka mgongoni hadi nyayo ni tisini na tisa. Nimepima mara mbili kama kawaida yangu.

Sasa nijibu na wewe. Mtu akiwa peke yake nyumbani anaweza kuingia na kutoka bila kushikwa? Ukingo usizidi urefu wa goti, tena lipatikane lenye ngazi. Na kukaa kwenyewe, ni lazima? Hakuna la kulala kidogo, mtu akaegemea bila kukunja kiuno?

Kuhusu presha, daktari anajua anachofanya.

Kazi si nyingi siku hizi. Nguo za sherehe nimempa mwenzangu wa mtaa wa pili azimalizie, mimi nakata tu. Naandika hapa nimesimama kwenye meza ya kukatia, ndiyo maana mwandiko unayumba. Usinitafutie maneno.

Lete jibu. Nikisikia pikipiki ya mtu wa posta natoka, nikirudi ndani siwezi kutulia.

Dada yako


27 Februari

Dada,

Sijalala vizuri tangu nipate barua yako.

Mwaka jana nilipofunga kile chuma cha kushikilia chooni nilimpima Baba mimi mwenyewe, amekaa. Kutoka kiti hadi begani alikuwa sitini na saba. Nakumbuka kwa sababu alinitania kwamba hata akikaa bado ananipita. Wanafunzi wake bwawani hawakumwita Mlingoti bure. Sasa wewe unaniambia hamsini na nne. Mtu hapungui sentimita kumi na tatu kwa kukohoa, Dada.

Ungekuwa mtu mwingine ningesema umeshika tepu vibaya. Lakini wewe hukosei kipimo. Umewashonea watu suti kwa kuwatazama tu wakipita barabarani. Kwa hiyo ni kweli, Baba amekunjika, uti wa mgongo umeporomoka au amekonda mpaka ameinama, na wewe unanificha. Ndiyo maana unauliza la kulala. Ndiyo maana hukunijibu presha.

Nimeomba ruhusa kwa meneja. Amesema nisubiri wapate wa kushika chumba cha mitambo. Nazunguka na bomba mkononi, nimefungua valvu ambayo sikutakiwa kufungua na wageni wameoga maji baridi asubuhi nzima. Niambie ukweli. Baba anakula? Anasimama? Anatambua watu?

Bisibisi


5 Machi

Mdogo wangu,

Baba hajakunjika. Anakula kunishinda, na anatambua watu kiasi cha kuwatukana wote kwa majina. Labda ndoo ilikuwa na mkunjo. Usije, nakuomba. Kazi hiyo umeipata juzi tu, usiivuruge kwa sababu ya ndoo.

Nichagulie jakuzi, basi. Ndilo ninalotaka, hakuna jingine.

Dada yako


9 Machi

Baba, shikamoo.

Nakuandikia wewe moja kwa moja na nimemwomba mtu wa posta akupe mkononi. Dada ananificha jambo. Ameniletea vipimo vyako na vimenitisha, nilipomuuliza ameniambia ndoo ilikuwa na mkunjo. Fundi cherehani mwenye tepu shingoni tangu nikiwa mtoto, leo anasingizia ndoo.

Kama unaumwa niambie wewe. Sitapiga kelele, nitakuja tu.

Mwanao


16 Machi

Mwanangu,

Marahaba.

Mimi sijapungua hata kidole. Nimekaa kwenye kiti changu na kichwa kinagusa ile rafu uliyoifunga chini kwa ukaidi wako. Wala hakuna aliyenipima. Dada yako alijikalisha yeye kwenye ndoo, akajipima peke yake, nimemwona kwenye kioo cha kabati. Vipimo ni vyake, na mgongo mbovu ni wake.

Maumivu yalianza kwa kuninyanyua mimi. Sasa mguu wake wa kushoto unakufa ganzi, akipanda ngazi anaushika kwa mikono kama mzigo wa mtu mwingine. Hawezi kukaa kwenye cherehani. Daktari amemwambia aache kunyanyua kitu chochote kizito, la sivyo mguu huo hautarudi. Alimwambia mlangoni, akidhani mimi sisikii. Masikio yangu ni mabovu, lakini yule daktari anapiga kelele kama muuza samaki.

Nilipomwambia aniache kitandani siku moja apumzike, alininyanyua kwa hasira. Anajua mkijua mtanichukua. Alisema mbele ya ukoo mzima kwamba yeye ndiye atakayenitunza, na anaona kunitoa hapa ni kumtangaza kwamba ameshindwa.

Nimekaa kando ya bwawa maisha yangu yote. Anayezama hapigi kelele, hayo ni mambo ya watu wasiojua maji. Anayezama hunyamaza, na mwalimu akiona mtoto amenyamaza anaruka na nguo zake. Tena niliwafundisha vijana wangu wa uokoaji kwamba ukishikwa shingoni na unayemwokoa, mtazama nyote wawili, lazima mmoja aachie. Huku nyumbani mimi ndiye niliyeshika shingo.

Njoo unichukue. Usimwambie kabla hujafika mlangoni, atanificha hata kabatini. Nitakaa nawe hukohuko kwenye baridi yenu.

Na umchagulie jakuzi lake vizuri. Presha yake daktari ameipima, ni nzuri, hilo pia nimelisikia. Usimletee uchafu wenye taa.

Baba yako


2 Aprili

Wewe,

Sikuiti mdogo wangu leo.

Mmenipangia kama watoto wanaoiba sukari. Naingia na mkate, nakuta gari la hoteli nje, mkoba wa Baba umefungwa, na yeye amevaa viatu. Amevaa viatu! Mimi hunichukua nusu saa kumvisha, na siku hiyo alijivisha mwenyewe ili anikimbie.

Umesema huko nyumbani kwenu kuna chumba cha chini, hakuna ngazi, na mwenzako wa zamu atakusaidia. Umesema ni mpaka nipone. Mliyasema yote mnapokezana kama watangazaji, na mimi nimeshika mkono wa kiti chake. Uliponiona nimekaa sakafuni pale mlangoni sikuwa nakuzuia njia. Ni mguu ulikataa. Sikutaka uone, ndiyo maana nikakutukana.

Niseme ukweli kwa kuwa mzee ameshausema. Nilikudanganya kwa maneno kila barua na sikuona haya. Ilipofika kwenye vipimo mkono haukuweza. Nilikaa na kalamu nikitaka kuandika sitini na kitu, nikashindwa. Namba ya uongo sijawahi kuiandika, hata kwa mteja mnene anayeniomba nimpunguzie kiuno.

Jakuzi limefika. Vijana wameliweka penye zege, ni gumu, la kipande kimoja, na ukingo haufiki gotini. Muuzaji uliyempata alikuja mwenyewe akaniwekea kiganja juu ya pampu bila kuombwa. Limekaa pale na kifuniko chake. Siingii.

Nyumba ni kubwa. Sikujua kama ni kubwa hivi.

Dada yako, hata kama nimekasirika


10 Aprili

Dada mkubwa,

Kasirika, una haki.

Siku ya kwanza mwenzangu alichelewa na Baba alitaka kwenda chooni. Nikasema mimi si mwanamume bure, nikamnyanyua peke yangu. Nilimfikisha, nikamrudisha, nikamwambia naenda kutazama boila. Sikwenda kwenye boila. Nilikaa koridoni nikalia, Dada. Nilikuwa na maumivu kiunoni, lakini si hayo yaliyoniliza. Nilihesabu tu kichwani ni mara ngapi kwa siku, kisha nikaacha kuhesabu. Barua zote hizo nilikuuliza habari za Baba, presha ya Baba, mgongo wa Baba. Wewe sikukuuliza hata mara moja u hali gani. U hali gani?

Sasa tunatumia mkanda mpana wa kiunoni, muuguzi wa hapa ametufundisha, na tunakuwa wawili. Mchana anakaa karibu na bwawa la wageni, amejifunika blanketi, anawakosoa. Jana alimwambia mgeni mmoja kwamba anaogelea kama anatafuta ufunguo. Mgeni amerudi leo kuomba afundishwe.

Ingia kwenye jakuzi. Nililichagua kwa vipimo vyako, begani hadi nyayo, na kiti chake kimelala kidogo nyuma kama ulivyouliza. Mtu mwingine haenei humo. Kila siku mbili suuza kichujio, na usitie chumvi ya kuogea ya mtu yeyote atakayekuja kukuuzia mlangoni. Anza na muda mfupi.

Bisibisi


25 Aprili

Baba, shikamoo.

Nilikusudia nisikuandikie mpaka uombe radhi, lakini nakujua, ningezeeka.

Nimeingia. Siku ya kwanza niliingia na gauni kwa sababu niliona aibu, sijui nilimwonea nani. Maji yalinifika mabegani sawasawa. Mgongo uliachia, nikasikia ukiachia, kama mtu anayefungua fundo la uzi kwa subira. Nilitaka kulia kwa raha, Baba, na hapohapo nikakusikia unaita.

Nikatoka mbiombio, maji yananitiririka, nikafika chumbani kwako. Kitanda kimetandikwa. Nikasimama pale nimelowesha sakafu yote.

Tangu siku hiyo ni hivyohivyo. Nikikaa tu, nakusikia. Nimejaribu kufungulia redio, nasikia ndani ya redio. Nimejaribu asubuhi badala ya jioni, ndiyo mbaya zaidi, asubuhi unaita sana. Natoka, naenda mpaka mlangoni, narudi, maji yamepoa na mgongo umekaza upya. Daktari ameuliza kwa nini sipati nafuu na jakuzi ninalo. Ningemwambia nini? Kwamba chombo ni kizuri, pampu haitetemeki, kifuniko kinaziba, ila mimi ndiye nisiyetulia?

Mguu bado ni wa ganzi kuanzia gotini. Kwako siwezi kusema namba ya uongo. Naogopa sana kwamba hautarudi, na naogopa kwamba mguu ukirudi nyinyi mtaona nyumba bila wewe inafaa, na mtaiacha hivyo.

Unakula? Bisibisi anakukata kucha? Yeye hukata karibu mno na nyama, mwambie aache.

Binti yako


2 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Radhi siombi. Kucha anakata vibaya, nimemwambia.

Nyumba bila mimi haifai, hilo liondoe kichwani. Mguu wako ukipata nguvu nitarudi, na mdogo wako atakuja na mkanda na mtu wa kukusaidia, tumeshakubaliana. Kama mguu hautarudi, nitarudi pia, na mtu huyo atatunyanyua sote wawili.

Sasa hilo la kusikia. Mdogo wako alisoma barua yako akasema upelekwe kwa daktari wa masikio. Nimemkataza. Wewe husikii vibaya. Ninakuita kweli. Kila asubuhi kabla sijafumbua macho naita jina lako, sio lake, na anakuja yeye, nywele zimesimama. Ananivisha mkanda, mwenzake anashika upande wa pili, wananinyanyua vizuri tu.

Kwa hiyo ukinisikia naita, ujue ni kweli nimeita, na ujue nimeshanyanyuliwa. Keti.

Baba yako